Upande wa Makofi

Migori, Jumapili jioni, Agosti 1994

Mvua imenyesha tangu mchana na sasa imekatika. Mabati bado yanadondosha maji kwenye ndoo. Odhiambo, mume wangu, yuko nyuma ya nyumba anaoga, na kama kawaida yake anaimba. Leo anaimba kitu ambacho sikuwahi kufikiri nitakisikia kinywani mwake, na anakikosea vibaya. Nimetaka kutoka nimsahihishe, nikacheka peke yangu, nikaketi kuandika.

Nimefurahi. Naliandika neno hilo kwanza kabla sijaanza kulitafutia kasoro, maana najijua.

Tumerudi leo kutoka Kosele, kwa mama mkwe. Tangu apate wajukuu hakuna anayemwita jina lingine ila Dani, yaani nyanya, hata sisi wake wa wanawe. Jina limemkaa vizuri kwa sababu anapenda kuogopwa kidogo. Kila Agosti, shule zikishafungwa na mahindi yakishakauka, wanawe wote hurudi nyumbani kupukuchua. Hakuna anayekosa. Mwaka mmoja shemeji alikuja na malaria yake, akalazwa kwenye mkeka karibu na lundo ili angalau aitikie.

Sasa, mahindi ni mahindi. Unashika, unasugua, vidole vinawaka moto. Lakini kwa Dani huwezi kuketi popote unapotaka. Pale uani, kuzunguka lile lundo, watu hukaa kwa sauti zao. Sauti nyembamba hukaa upande wa ghala. Sauti nzito upande wa lango. Wa katikati hukaa mbele ya nyumba kubwa. Na upande wa jikoni hukaa wapiga makofi, ambao mikono yao haipukuchui. Wimbo ukiisha wanabeba magunzi kupeleka jikoni, wanaleta chai, wanarudi kupiga makofi tena.

Mimi ni wa upande wa jikoni.

Ukaaji huo Dani alikuja nao kutoka kisiwa cha Rusinga alikozaliwa. Anasema mama yake na wanawake wenzake walipoanika dagaa wa omena ufuoni walikaa hivyo, kila sauti na wenzake, ili waitikiaji wasikilizane na upepo usiwatawanye. Alipoolewa Kosele hakukuta omena wa kuanika, akaukuta mlima wa mahindi, basi akawapanga watu kuzunguka mahindi. Watoto wake wote sita wamekulia hapo. Ndiyo maana Odhiambo huwezi kumwambia kitu akakujibu kama watu wengine. Ukimuuliza chumvi iko wapi, anakujibu kwa wimbo. Wifi yangu Akoth akikosana na mumewe huosha masufuria akiimba, na mume huelewa kila neno. Nimeishi nao miaka kumi na sijawachoka. Siku nyingine nimewachoka.

Agosti yangu ya kwanza nikiwa bibi arusi, niliambiwa niitikie. Nikaitikia. Watu wakaangaliana. Dani akaniambia kwa upole, "Nyar Kuria, wewe utatupigia makofi." Hivyo ndivyo anavyoniita mpaka leo, binti wa Wakuria. Sikuumia. Labda kidogo. Kwetu, karibu na Ogwedhi, hakuna aliyejiita mwimbaji, kwa hiyo sikuona kwamba nimenyang'anywa chochote. Nikajifunza makofi, na nayapiga vizuri, hata nikisema mwenyewe.

Kilichoninyima usingizi wiki hii ni binti yangu Atieno.

Mtoto wa boma lile akiwa mdogo hukaa popote na huimba atakavyo. Meno ya mbele yakishaota upya, Agosti hiyo anatafutiwa upande. Anasimama katikati, watu wote wanaacha kupukuchua, anaanzisha wimbo, wanaitikia. Kisha Dani anaonyesha kwa kidevu: nenda ghalani, nenda langoni, nenda jikoni. Imeisha. Hakuna rufaa.

Meno ya Atieno yamejaa tangu Pasaka.

Na binti yangu anapenda kuimba kupita kiasi. Anaamka akiimba. Anaimba chooni, anaimba njiani kwenda shule, anaimba akiwa na chakula mdomoni mpaka nimkaripie. Lakini akiimba na baba yake, kuna mahali fulani anaiacha njia. Wote wanapanda, yeye anashuka. Nimemwona Odhiambo, mara mbili tatu, akiinama kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa, ili mtoto asimwone uso. Nami nilijiambia, haya basi, amechukua masikio yangu.

Nitaandika ukweli. Nilimwogopea kwa sababu ya Ouma.

Ouma ni mdogo wake Odhiambo. Alipotafutiwa upande, miaka mingi kabla sijafika, alielekezwa jikoni. Wanasema alipenda kuimba kuliko wote. Alikaa jikoni siku ile moja tu. Tangu hapo, wimbo ukianza, Ouma anachukua fimbo na kwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wa Dani lazima ndio wanaoangaliwa kuliko ng'ombe wote wa Kosele. Ni mtu mzuri, anacheka, anasaidia, lakini sijawahi kumsikia hata akipiga mluzi. Hakuna aliyemkataza. Dani akisikia ukisema makofi ni adhabu atakugombeza. Lakini hakuna mtu wa upande wa jikoni aliyewahi kuambiwa, haya, leo anzisha wewe.

Ijumaa nilimwomba Odhiambo amwambie mama yake asubiri mwaka mmoja tu. Akaniambia, "Unamjua mama. Utamwambia nini?" Nikakasirika, nikalala nimempa mgongo.

Jana asubuhi kukawa na jua zuri. Atieno alivaa gauni la kijani nililomshonea mwenyewe, lenye mikono ya kuvimba, akaenda akasimama katikati bila kuitwa mara ya pili. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliamini kabisa kwamba ghala linamngoja.

Alianza wimbo wa mavuno ambao wote wanaujua. Mstari wa kwanza mzuri, sauti imetoka safi, nikapumua. Wa pili, walipopanda wenzake, akashuka. Waitikiaji wakapapasa, wakanyamaza.

"Rudia, nyakwara," akasema Dani. Mjukuu wangu, rudia.

Akarudia. Akashuka palepale, vilevile. Mtu mmoja alicheka, kicheko kidogo tu, na sitamwandika jina. Ouma akainuka, akachukua fimbo yake.

Dani akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Basi, enda ukae na mama yako. Huko kuna kazi mzuri."

Atieno hakusogea. "Mimi sijakosea, Dani."

"Si kukosea. Ni upande tu."

"Sijakosea. Mama huimba hivyo."

"Mama yako haimbi," akasema Dani, na hakusema kwa ubaya. Alisema tu jambo ambalo kila mtu aliyekuwa pale analijua.

"Anaimba! Akiwa kwa cherehani. Kila siku anaimba."

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimebeba kikapu cha magunzi kiunoni, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kikapu changu.

Sasa, hili ndilo nimekuwa nikilifikiria siku nzima ya leo. Sikujua. Nashona kwenye baraza ya duka la vitambaa hapa mjini, miguu inakanyaga cherehani tangu asubuhi, na Atieno akitoka shule hukaa chini ya meza yangu na vipande vya nguo. Najua kuna kitu hunitoka kooni miguu ikishachanganya. Ni kile alichokuwa akikitoa mama yangu akisaga wimbi kwenye jiwe, na mama yake kabla yake. Jiwe linakwenda, na koo linakwenda. Lakini kwetu huko si kuimba. Ukimwambia mama yangu anaimba atadhani unamtania. Ni kusaga.

"Nyar Kuria," Dani akauliza, "ni kweli?"

"Si wimbo, Dani. Ni sauti ya kazi tu."

"Na sisi hapa tunafanya nini, tunacheza?" Akatupa gunzi. "Weka hiyo kikapu chini. Imba tusikie."

Nikasema siwezi. Na kweli sikuweza. Mke wa watu, nisimame mbele ya mama mkwe na mashemeji na wifi zangu, hao hao wenye koo zao zile, nitoe sauti peke yangu? Nilimtazama Odhiambo aniokoe. Odhiambo alikuwa anatazama kamba ya kiatu.

Kisha nikamwona Ouma mgongo wake, amekwisha kufika karibu na lango. Nikamwona Atieno, bado amekataa kusogea, mabega yamepanda ndani ya ile mikono ya kuvimba. Nikaona miaka yote inayokuja, Agosti baada ya Agosti, na binti yangu naye akiinuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Nikaweka kikapu chini.

Sikuweza kuanza nikiwa nimesimama, mguu ulikuwa unatafuta cherehani. Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, nikaanza kukanyaga ardhi, kulia, kushoto, mpaka ikaja. Ilitoka na mikwaruzo. Ni maneno ya mtu anayembembeleza ng'ombe wake mwenye pembe moja avuke mto, na ng'ombe hataki. Mwisho wa kila ombi mwitikiaji anasema "eeyo" akishuka chini, chini kabisa, kama mtu anayeteremka ukingoni. Nilifika hapo nikangoja. Kimya. Bila shaka kimya, nani angejua la kujibu?

Atieno akajua.

Aliitikia peke yake, katikati ya uwanja. Akashuka pale anaposhukaga siku zote, na safari hii palikuwa ndipo. Aliingia barabara, wala hakutafuta. Mtoto hana tatizo lolote la masikio. Alikuwa anachukua mteremko wa nyanya yake wa Ogwedhi na kuuweka mwishoni mwa nyimbo za baba yake, basi. Nyumba nzima ya waimbaji hawakuutambua, nami ambaye nilimpa nilikuwa wa kwanza kumwona mkosaji. Machozi yalinitoka na sikuacha kuimba, maana ningeacha nisingeweza kuanza tena.

Mara ya tatu wakajaribu wote kuitikia. Wakashindwa!

Ee, nisamehewe kwa furaha niliyoiona. Akoth, ambaye akianzisha wimbo kanisani wapita njia wa Kosele husimama kusikiliza, alipanda pale pa kushuka, akarudi, akapanda tena. Odhiambo akaleta ile sauti yake ya pili anayojivunia. Dani akamkatiza, "Ling'! Nyamaza, unaharibu!" Kisha Dani mwenyewe akajaribu, kwa ule ukubwa wake wote.

"Hapana, Dani, si hivyo," akasema Atieno. "Shuka."

"Nashuka."

"Hujashuka."

Hakuna mtu katika boma lile aliyewahi kumwambia Dani kwamba amekosea wimbo. Mikono yote ilisimama juu ya mahindi. Dani alimwangalia yule mtoto, akaniangalia mimi, akaangua kicheko mpaka akavua kitambaa cha kichwa kufutia macho. "Haya, mwalimu. Tena."

Tukaenda tena, na tena. Mahindi yalisahaulika. Katikati ya hayo nikasikia sauti ambayo sikuijua, sauti ya mwanamume, nene na yenye kutu, ikienda upande. Ouma alikuwa amerudi. Alisimama nyuma ya watu wa ghalani, fimbo mkononi, anaitikia "eeyo" huku anatazama miguu yake. Alikosea, lakini kila mtu alikuwa anakosea, na hakuna aliyejua iliyo sawa ila mimi na mtoto. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Ninawashukuru kwa hilo kuliko kwa chochote kingine. Odhiambo tu alikohoa na kufunga kiatu.

Ng'ombe waliingia kwa jirani wakala mabua, na hilo tutasuluhisha.

Tulipopumzika, Atieno akakumbuka. Watoto hawasahau. Akamuuliza Dani, "Sasa mimi nikae wapi?"

Dani alitazama ghala, akatazama lango, na nadhani kwa mara ya kwanza hakupata pa kuelekeza kidevu. Mwishowe akasema, "Hii yenu haina upande hapa. Leteni benchi." Benchi likaletwa kutoka nyumba kubwa, likawekwa mahali ambapo hajawahi kukaa mtu, kati ya ghala na jikoni. "Nyar Kuria, kaa hapo na mtoto. Mkianzisha, sisi tutafuata. Polepole."

"Na makofi nani atapiga?" akauliza Odhiambo.

Dani akainuka, akajikung'uta makapi, akavuka uwanja mpaka jikoni, akakaa kwenye kigoda changu. "Mikono yangu imechoka na mahindi," akasema. Na akapiga. Haendi sawa, anawahi kidogo, lakini sikuwa na moyo wa kumwambia.

Leo asubuhi kabla ya kuondoka alinifuata hadi langoni. Nilidhani ananiletea njugu za njiani, na kweli alikuwa nazo, lakini alikuwa na swali pia. Alitaka kujua kama yule ng'ombe alivuka.

Najua maombi mawili tu, naenda nayo na kurudi nayo. Nilipokuwa mdogo, mama yangu alimaliza kusaga kabla ng'ombe hajavuka, au nilitumwa maji, au nililala. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. Mtu haulizi mwisho wa kusaga.

"Basi ukaulize," akasema Dani. "Agosti ijayo mimi nataka kuvuka."

Siku ya soko wiki hii nitafunga cherehani, nimchukue Atieno, twende Ogwedhi kwa mama yangu. Atieno ameshaanza kuhesabu siku kwa vidole. Ana mashaka kwamba bibi wa Ogwedhi anajua kuimba, na nimemwambia asubiri asikie jiwe.

Odhiambo amemaliza kuoga, bado anapanda pale pa kushuka. Nimemwacha.

Najua jinsi itakavyokuwa. Mama ataacha jiwe, atanikazia macho, aulize tangu lini watu wa kwetu wakawa waimbaji. Atasema ule si wimbo, mwanangu, ni kusaga tu. Nami nitamwambia kule Kosele kuna mama mmoja anayeogopwa na kila mtu, amekaa kwenye kigoda changu upande wa jikoni, anaupigia makofi.